Deki Isiyojaza Pengo

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, likizo ya mwezi wa sita mwaka 2004, Karatu mjini, ukungu ukiwa bado umelala barabarani na magari ya watalii yakipita yamewasha taa. Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kama ninavyokumbuka kovu la goti langu: sina haja ya kulitazama kujua lilipo.

Najua ni kichekesho msichana wa kidato cha tatu kuandika "mwanangu". Sina mtoto, sina mchumba, na nikisimamishwa darasani kujibu swali sauti yangu hukimbilia tumboni. Lakini Babu Bayo ameniambia kwamba maneno niliyoyasikia siku ile si yangu peke yangu. Nimewekewa tu, niyapitishe. Kwa kuwa kuongea mbele za watu kunanishinda, nayapitisha kwa kalamu. Wewe utakayeyasoma, hata kama bado hujazaliwa, ndiye mwanangu. Kaa nikueleze taratibu, maana mwenda pole hajikwai.

Kwanza uijue CD yenyewe. Babu yangu mzaa baba, Babu Margwe, ndiye aliyekuwa akiongoza slufay katika ukoo wetu kule Endabash. Slufay ni sala yetu sisi Wairaqw ya kuombea watu, mifugo na mvua. Mzee husimama akaomba kwa maneno yaliyopangwa kama shanga, na kila anapotua, waliokusanyika huitikia kwa sauti moja. Miaka ya nyuma alikuja mgeni aliyekuwa akijifunza lugha yetu, akamrekodi Babu siku ya sala ya mavuno, na baadaye akatuletea CD. Moja tu. Nyumbani hatukuwa na cha kuichezea. Bibi akaipitisha uzi kwenye lile tundu lake la katikati, akaitundika msumarini pembeni ya kalenda ya kanisa. Ikakaa hapo ikila vumbi, moshi na jua la dirishani. Sisi wajukuu tuliifanya kioo. Mungu atusamehe, hatukujua kwamba tunachana nywele mbele ya sauti ya mtu.

Babu alifariki mwaka jana. Mdogo wake, Babu Bayo, ndiye atakayeongoza sala mavuno haya, na wazee wamekubaliana kila nyumba ya ukoo ipewe nakala ya CD ile, ili vijana wajifunzie humo. Itakachosema nakala ndicho watakachokisema wao, na watoto wao baada yao.

Na Bibi alikuwa na lake. Kabla ya kumzaa baba yangu, alizaa msichana, naye akafa angali mdogo. Jina lake nyumbani kwetu halitajwi. Si kwa kumchukia, la. Ndivyo ilivyo tu, jina la mtoto aliyetangulia haliitwi ovyo uani kati ya kuku na masufuria. Lilitajwa mahali pamoja, ndani ya sala ya Babu, wakati wa mavuno, mara moja kwa mwaka. Babu peke yake ndiye aliyelitaja, na watu wote wakaitikia. Tangu Babu azikwe, Bibi hajalisikia. Tulikuwa tukichambua maharage siku moja, akaniambia bila kunitazama, "Nataka nimsikie akimwita." Niliendelea kuchambua.

Basi Jumamosi ile tulikwenda mimi na baba mdogo Paskali kutafuta deki. Baba mdogo ni dereva wa watalii, anazijua njia zote za kreta ya Ngorongoro, na anapenda vitu vyenye nguvu. Tuliingia kwenye duka la redio la mtu wa Kilimanjaro ambaye mji mzima unamwita Mangi, yaani chifu kwa Kichaga, naye anapenda kuitwa hivyo.

"Karibu kamanda! Leo umewatelekeza Wazungu, umekuja kwa watu?"

"Nataka deki ya CD, Mangi. Ya uhakika. Kuna sauti ya mzee wetu tunataka kuisikiliza."

"Zipo mbili. Moja ni mashine. Nyingine ni... tuseme ipo ipo tu."

Mashine ilikuwa nyeusi, ina spika mbili kama magunia ya mahindi na taa za bluu zinazopanda na kushuka. Mangi aliweka CD mpya ya muziki, akaongeza besi, chupa za soda zikaanza kugongana kwenye kreti. Ile nyingine ilikuwa ya mtumba, bapa, imechubuka pembeni, haina taa hata moja ya kujivunia.

"Hii ukiiwasha Endabash," alisema Mangi akiipapasa mashine, "watu wa Mbulu watakuja kushitaki."

Baba mdogo alicheka kwa furaha. Mangi akanigeukia. "Na huyu binti? Ulimi kauacha bwenini?"

"Ni mpole," baba mdogo alijibu.

"Wapole ndio wa kuogopa. Kimya kingi kina mshindo."

Nilitazama viatu vyangu. Baba mdogo akatoa CD ya Babu mfukoni, akaifuta kwa upindo wa shati, akizungusha kama anayefuta sahani, tukaijaribu. Kwanza kwenye ile ya mtumba. Sauti ya Babu ikatoka nyembamba, bila besi, lakini ya karibu sana, nikashtuka kama aliyeguswa bega. Aliomba vizuri mpaka alipomaliza kuombea ng'ombe, deki ikaanza kukwama, tk, tk, tk, tk, kama kuku anayedonoa bati. Ikasimama kabisa, ikaonyesha alama ya kosa.

"Nilikwambia," Mangi akasema. "Ipo ipo."

Akaihamishia kwenye mashine. Babu aliombea watu, akaombea ng'ombe, akaombea mvua, akaenda mpaka mwisho pasipo kujikwaa hata mara moja.

"Umeona?" baba mdogo aliniambia. "Hii ndiyo mashine. Haina kigugumizi."

Nami niliamini hivyo hivyo, mwanangu. Nani angefikiri vingine? Tulipakia spika nyuma ya Land Rover, tukashuka Endabash.

Saa saba mchana mashine ilikuwa uani, imeungwa na betri ya gari. Bibi aliketi kwenye kigoda, amejifunga shuka lake jipya la mistari kama anayekwenda kanisani. Babu Bayo alisimama, maana slufay haisikilizwi kwa kukaa ikiwa magoti yako bado yanakubali. Sauti ya Babu Margwe ilitoka nene kama ya fahali aliye pangoni. Mbwa wakabweka. Wajukuu wadogo wakacheka, kisha wakatulia. Babu Bayo aliitikia kila mtuo, nasi tukaitikia naye, na mimi nilimtazama Bibi usoni, nikingoja.

Maombi ya ng'ombe yakaisha. Maombi ya mvua yakaanza.

Bibi aliinua mkono. "Mmemruka."

Baba mdogo alizima. "Nani, mama?"

"Mnamjua."

Baba mdogo akalamba midomo. "Mama, mashine haijakwama hata sehemu moja. Iliyokwama ni ile nyingine, tumeiacha dukani."

"Ilikwama wapi?" Babu Bayo aliuliza.

"Hapo katikati. Baada ya ng'ombe."

Babu Bayo aliitazama mashine na taa zake. "Basi ile iliyokwama ndiyo iliyosema kweli, Paskali. Ilifika kwenye shimo, ikasema hapa pana shimo. Hii yako imefika kwenye shimo hilo hilo, ikaruka, ikaendelea kutabasamu."

Bibi hakulia. Alilivuta shuka lake mabegani tu. "Margwe hakumruka," alisema. "Hata mwaka wa njaa. Hata mwaka alioumwa koo. Hakuwahi kumruka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama Bibi asingekuwepo, nakala zingechomwa kwenye CD tupu hivyo hivyo, nyororo, zikagawiwa nyumba zote. Vijana wangejifunza sala isiyo na mtoto yule, na wala wasingejua kwamba kuna kitu hawakujifunza. Angekufa mara ya pili, safari hii bila msiba.

Nikasema kitu. Nilidhani nimesema moyoni, kumbe kilitoka.

"Sema kwa sauti, mjukuu wangu," Babu Bayo aliniambia. "Huku si shuleni, hakuna wa kukuchapa."

Nikasema kwamba Karatu kuna Dada Neema wa steshenari, anayechoma CD za kwaya, na kwamba kompyuta yake inaweza kuonyesha mahali ilipokosa kusoma. Niliwahi kumwona akifanya hivyo nilipokwenda kutoa fotokopi. Baba mdogo aliweka mikono kiunoni, akatazama mashine yake, akamtazama mama yake. Kisha akafungua mlango wa gari. "Pandeni."

Tulipanda wote, Bibi mbele, mimi na Babu Bayo nyuma, CD ikiwa katikati ya kitambaa safi kwenye mapaja yangu.

Dada Neema ni mtu wa Arusha, mcheshi, anaongea huku anafanya kazi. Aliwaamkia wazee, akawapa benchi, akaishika CD kwa kingo, akaielekeza kwenye mwanga.

"Mh! Hii mmeifutia nini, msasa?"

"Shati," baba mdogo alijibu, akijikuna kichogo.

"Shati sawa, kaka, ila hukuifuta, uliizungushia vumbi. Huku maneno yanakwenda kwa mzunguko. Ukikwaruza kwa mzunguko unafuta sentensi nzima. Futa kutoka katikati kwenda nje, mkwaruzo ukatishe njia tu." Akailowesha kidogo, akaifuta kwa kitambaa laini, polepole, kutoka tunduni kwenda ukingoni.

Kompyuta yake ina midomo miwili ya kumeza CD. Alituonyesha. "Huu mpya una haraka, kufumba na kufumbua umemaliza. Huu wa chini ni mkongwe, anasoma kama mzee anayefuata mstari wa Biblia kwa kidole. Tutumie upi?"

"Mpya," alisema baba mdogo. "Wazee wasichelewe."

Dada Neema akanitazama mimi, sijui kwa nini. Labda aliona nimefungua kinywa.

"Tungesoma mara mbili," nikasema. "Kila mmoja. Halafu tufananishe."

"Huyu nani kamfundisha?" akacheka. "Haya."

Mdomo mpya ulisoma mara mbili, wala haukulalamika. Lakini Dada Neema alipoweka zile mbili pamoja, kompyuta ikasema hazifanani. Mahali pale pale, baada ya ng'ombe, mara ya kwanza ilitoa kitu hiki, mara ya pili kitu kingine. Akatueleza kwa lugha nyepesi. CD ikiharibika kidogo, kila deki inaweza kurekebisha, kwa sababu maneno yamehifadhiwa na akiba yake. Jeraha likizidi akiba, ndipo tabia ya deki inapoonekana. Nyingine hutazama kilicho kushoto na kilicho kulia, ikatunga cha katikati, na sikio lako halitajua. Nyingine hurudi nyuma, ikajaribu tena na tena, ikishindwa ikakuandikia kwenye skrini: hapa sikusikia.

"Kwa muziki wa baa, ya kwanza inatosha," alisema. "Watu wamelewa, nani atadai? Kwa kitu kama hiki, mimi nataka ile inayokiri."

Tuliuachia ule mkongwe kazi. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na siku ile nilielewa kuwa si methali ya kufunga insha tu. Ulinguruma, ukanyamaza, ukarudi nyuma, ukanguruma tena. Bibi alikaa akiutazama kama anayemngojea daktari mlangoni. Watu walikuja kutoa fotokopi wakaondoka. Ulipomaliza mara ya pili, nakala zote mbili zilifanana tangu mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa mahali pamoja, padogo, ambapo uliandika mara zote mbili kwamba haukuweza.

"Nimepata mengi aliyoyaruka yule wa kwanza," alisema Dada Neema, na sasa hakucheka. "Kabla yake yapo. Baada yake yapo. Ila lile lenyewe la katikati, samahani Bibi. Limekwenda."

Lile lenyewe lilikuwa jina.

Baba mdogo alisimama. Naamini alitaka kumsaidia mama yake, simlaumu hata sasa. "Baba," alimwambia Babu Bayo, maana kwa heshima ndivyo anavyomwita, "sauti yako na ya marehemu ni moja. Hata kwenye simu watu walikuwa wanawachanganya. Litamke wewe hapa, Dada Neema akurekodi, aliingize kwenye pengo. Nani atajua?"

"Kuingiza naweza," Dada Neema alisema polepole. "Hamtasikia kiungo."

Nilimwona Bibi akimeza mate. Alilitaka, mwanangu. Usidhani hakulitaka.

Babu Bayo alivua kofia yake akaiweka gotini. Sasa sikiliza aliyoyasema, maana ndiyo niliyowekewa.

"Nilipokuwa kijana," alianza, "mwaka mmoja wa ukame, ng'ombe wetu walichanganyikana na wa Wamasai upande wa Ngorongoro. Wazee wetu walinituma mimi na mwenzangu Hhando kwa mzee wao mmoja. Enzi hizo neno zito halikubebeshwa mjumbe mmoja. Mlipewa wawili, mkalisikia pamoja, na mkifika mlisemeshwa mbalimbali, huyu anasema, yule kapelekwa mbali zizini. Maneno yakifanana, yanapokelewa. Yakitofautiana, mnarudishwa kwenu.

"Hhando alisema kwanza. Mimi nikafuata. Nilikuwa fundi wa kusema. Wasichana walinisifu kwa hilo."

"Wasichana gani?" Bibi aliuliza. "Mimi nilikuwepo, sikusikia."

Babu Bayo alitabasamu kidogo, akaendelea. "Nikafika mahali, neno likanitoka. Lakini nililijua umbo lake. Nikafungua kinywa niweke langu, zuri pengine kuliko la wazee. Yule mzee wa Kimasai akaninyooshea rungu. Alikuwa ameona macho yangu yanatafuta. Akaniambia kwa Kiswahili cha mnadani: 'Kijana, hilo unalotaka kunipa ni la nani?' Akasema: 'Kama umesahau, sema umesahau, nitajua pa kuuliza. Ukinipa la kwako, nitawapelekea watu wangu kama la wazee wako. Siku damu ikimwagika, hatutajua imetoka mdomo gani.' Akasema tena: 'Shimo linaloonekana halimvunji ng'ombe mguu. Linalomvunja ni lile lililofunikwa majani.' Akamwita Hhando, akamwambia alirudie neno lile mbele yangu. Hhando alilikumbuka. Halikufanana na langu hata kidogo."

Nje gari lilipiga honi.

"Sauti yangu inafanana na ya kaka yangu," alisema. "Hiyo ndiyo hatari yake, Paskali. Kama ingekuwa mbaya, watu wangejua pana kiraka. Mimi nitalitaja jina lake kwenye sala yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu, kama Margwe alivyolitaja kabla yangu. Lakini humu ndani ya CD anasema Margwe. Sitamwekea neno mdomoni mtu ambaye hawezi kunikatalia." Kisha akamgeukia Bibi. "Ila mtoto ni wako, shemeji. Wewe ndiye wa kusema."

Tulimtazama Bibi wote. Vidole vyake vilikuwa vinakunja ncha ya shuka na kuikunjua.

"Mama yake ni mimi," alisema mwishowe. "Nikitaka jina lake ninalo. Nilitaka lile la Margwe." Akapumua. "Paacheni palivyo. Lakini nisikilizisheni."

Dada Neema aliunga spika zake mbili ndogo za mezani, za kawaida tu. Maombi ya ng'ombe yakaisha. Kisha tukasikia kitu ambacho mashine ya Mangi haikutupa: Babu akivuta pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu anayejiandaa kubeba kitu kizito. Akasema maneno machache ya kutangulia, taratibu kuliko yote aliyoyasema kwenye sala ile. Halafu kimya. Si kimya kirefu, kama muda wa kumeza mate.

Na baada ya kimya kile, watu wakaitikia.

Waliitikia wote, wanaume na wanawake, ukoo mzima wa siku ile, wengine wao sasa wako makaburini. Walimwitikia yeye. Na juu ya sauti zote ilikuwepo sauti moja ya mwanamke, iliyochelewa kidogo nyuma ya wenzake kwa sababu ilikuwa imekabwa. Ilikuwa sauti ya Bibi.

Bibi aliyekuwa kwenye benchi akaitikia pamoja na Bibi aliyekuwa ndani ya CD. Kijana mmoja aliyeingia na karatasi zake mkononi akasimama mlangoni, akavua kofia, bila kujua ni kwa nini.

"Sasa ana mahali pake," Bibi alisema. "Hata kama ni pa kimya."

Nakala zilichomwa hivyo, na kimya chake. Babu Bayo amesema vijana watakaojifunza sala ile watafundishwa kutua hapo, wasiharakishe, na wakiuliza kwa nini, wataambiwa. Tulipokuwa tunaondoka mjini baba mdogo alisimamisha gari kwa Mangi, akaichukua na ile ya mtumba kwa ajili ya Bibi.

"Kamanda!" Mangi alipiga makofi. "Umeirudia ipo ipo?"

"Nimeirudia," baba mdogo alijibu, na hakueleza zaidi.

Mashine kubwa tunayo bado, baba mdogo huitumia kupigia muziki wa harusi. Haina ubaya, kila chombo na kazi yake.

Mwanangu, siku ukienda dukani kuchagua deki, wauzaji watakuwekea CD yao mpya, na kila kitu kitaimba vizuri. Chombo kikipewa kazi rahisi hakifichui siri yake. Wewe chukua CD yako iliyochakaa kuliko zote, ile unayoijua kwa moyo, uiweke mwenyewe. Usiulize inavyoimba, uliza inavyoshindwa. Isiyokwama kamwe isikilize mara mbili, maana huenda haisomi, inatunga. Inayokwama ikakuonyesha pale ilipokwamia, usiidharau kwa kuwa imechubuka. Ukihifadhi sauti ya mtu wako, isomeshe polepole, isomeshe mara mbili, na panapobaki pengo, liache lionekane. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kile unachokificha kwenye nakala, wajukuu watakirithi bila kujua ni ugonjwa.

Nilifikiri Babu Bayo ananiambia habari za deki tu. Lakini tukiwa njiani kurudi, giza likianza kuingia na vumbi likipanda nyuma yetu, aliniegemea akasema, "Na watu pia, mjukuu wangu. Na mchumba, na rafiki, na mwalimu. Yule asiyewahi kusema sijui, mwogope. Na wewe na upole wako, ukiwa hujui sema hujui, na ukiwa unajua, sema kwa sauti kama ulivyosema leo." Nami nakupa vilevile, sikupunguza, sikuongeza. Ila kuna mahali nimesahau; nimeshindwa kukumbuka baadhi ya maneno yake ya mwisho kwa sababu gari lilikuwa linapiga kelele mlimani. Hapo nimepaacha.

Mungu akupe masikio yanayosikia pumzi kabla ya neno. Akupe watu wa kukuitikia unapotua. Mvua ya Endabash ikukute shambani na ikuache salama, ng'ombe wako warudi jioni wote, na jina lako lisirukwe na mtu yeyote uliyempenda.

Asubuhi yake, Jumapili, niliamka kabla ya saa za kanisa nikamfuata Bibi zizini. Alikuwa ameanza kukamua. Nilimshika ndama shingoni ili asimsumbue mama yake, nikasimama pale, nikawa nasikia maziwa yakipiga ndani ya kibuyu. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya kusikika:

"Bibi, shangazi alikuwa mtoto wa namna gani?"

Mikono yake ilisimama. Ikaanza tena.

"Mkaidi," alisema. "Mkaidi kama nini. Ukimwambia kaa, anasimama. Mshike ndama vizuri, nikueleze."

Nikamshika vizuri.